Kipimo cha Mkononi cha Aseniki kwa Maji ya Kisima: Tathmini ya Mtumiaji wa Chunya

Kisanduku ninachokitathmini hapa hupima aseniki katika maji ya kisima palepale kisimani, bila umeme na bila mashine yoyote. Hutengenezwa na kampuni mbalimbali za nje na huagizwa kupitia maduka ya vifaa vya maabara ya Dar es Salaam. Majina kwenye maboksi hutofautiana, lakini kemia iliyomo ndani ni ileile, kwa hiyo nitakayoyasema yanahusu aina nzima ya vipimo hivi. Chombo chetu cha watumia maji, kinachosimamia visima vya pampu ya mkono upande wa Chunya, mkoani Mbeya, kilikinunua baada ya wananchi kuuliza mkutanoni maji ya kisima kilichochimbwa jirani na marundo ya marudio ya dhahabu (mabaki ya mawe yaliyopondwa) yana nini ndani yake. Swali lilikuwa la haki, na hakuna aliyeweza kulijibu kwa kuyatazama maji.

Hukumu yangu naitoa mapema. Hiki ni kifaa kinachostahili kununuliwa na chombo cha watumia maji, na hakina faida kubwa kwa mtu mwenye kisima kimoja nyumbani. Kazi yake halisi ni kuchekecha, yaani kutenga visima ambavyo sampuli zake zipelekwe maabara haraka. Anayekitumia kutangaza kwamba kisima fulani ni salama anakibebesha mzigo ambao hakikutengenezewa, na katika baridi yetu ya Nyanda za Juu Kusini kosa hilo ni rahisi kutokea kuliko mahali kipimo kilipoundwa.

Kabla ya kueleza kipimo chenyewe, ni lazima nieleze kwa nini kinahitajika. Aseniki haina rangi, haina ladha na haina harufu ndani ya maji. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Mvuke huondoka na aseniki hubaki, hivyo maji yakichemka sana na kupungua, kiasi chake kwa kila lita huongezeka. Vidonge na dawa za klorini, ambazo zimeokoa watoto wengi dhidi ya kipindupindu na kuhara, huua vimelea tu na haziigusi sumu hii kwa namna ya kuitoa. Anayekunywa maji yenye aseniki haugui kesho wala keshokutwa. Baada ya miaka mingi ngozi huanza kuwa na madoa meusi na meupe, viganja na nyayo hukakamaa na kuota vinundu, na hatari ya saratani ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu cha mkojo huongezeka. Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake kutoka mikrogramu 50 hadi mikrogramu 10 kwa lita mwaka 1993, na kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki nacho ni miligramu 0.01 kwa lita, yaani mikrogramu 10 hizohizo. Kipimo chochote cha mkononi lazima kihukumiwe kwa namba hiyo.

Sumu hii hutoka kwenye mwamba wenyewe kabla ya kutoka kwa mtu yeyote. Madini yanayoitwa asenopairaiti, yenye chuma, aseniki na salfa kwa pamoja, hukaa na dhahabu katika miamba ya sehemu nyingi duniani, na katika nchi yetu watafiti wamekuta aseniki iliyozidi kiwango kwenye baadhi ya maji ya maeneo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, yakiwamo ya Geita na Mara. Mwamba ukiwa chini umefunikwa, madini hayo hutulia. Ukichimbwa, ukapondwa kwenye karasha na kuachwa kama marudio, hewa na mvua huufikia kila punje, salfa hugeuka kuwa asidi na aseniki huachiwa. Lupa, eneo la dhahabu la Chunya, imechimbwa dhahabu tangu miaka ya 1920, kwa hiyo mtu wa Chunya hahitaji kuelezwa marudio ni nini. Anachohitaji kuelezwa ni kwamba zebaki, ambayo tumeihubiri kwa miaka mingi na kwa haki, si sumu pekee inayoweza kuhusiana na dhahabu, na kwamba kuacha zebaki hakuondoi swali la aseniki.

Ipo njia ya pili ambayo haihitaji mgodi hata mmoja. Kutu ya chuma iliyomo kwenye mchanga na udongo hushika aseniki kwa nguvu. Mahali penye mboji nyingi na maji yaliyotuama, bakteria hutumia oksijeni yote, kisha kutu hiyo huyeyuka na kuachia ilichokuwa imekishika. Hivi ndivyo ilivyotokea Bangladesh, ambako mamilioni ya visima vifupi vilichimbwa tangu miaka ya 1970 ili kuwaepusha watu na maradhi ya kuhara, na uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2001 ukaonyesha kwamba asilimia 27 ya visima vyenye kina cha chini ya mita 150 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita. Zaidi ya hayo kuna maji ya moto yanayopanda kutoka chini kwenye maeneo ya volkano, ambayo katika nchi nyingi hubeba aseniki kutoka kwenye mwamba wenye joto. Sisemi kwamba mabonde ya mpunga ya Mbarali au chemchemi za moto za Songwe zina sumu. Nasema mazingira yanayofanana na hayo ndiyo yanayomfanya mtu mwenye busara apime kabla ya kuchimba kisima cha jirani.

Sasa nije kwenye kisanduku. Ndani yake mna chupa mbili za kuchanganyia zenye mstari wa kujazia, kopo tatu za vitendanishi vya unga zenye vijiko vya rangi tofauti, kichupa cha vikaratasi vyenye kipande kidogo cheupe mwishoni, na kadi ya rangi inayoanzia nyeupe, kupitia manjano hafifu, hadi kahawia, kila rangi ikiwa na alama ya mikrogramu za aseniki kwa lita. Unga wa kwanza ni asidi. Wa pili ni wa kuoksidisha, na nitaurudia kwa sababu una kazi yake. Wa tatu ni vumbi la zinki. Zinki ikikutana na asidi hutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo huigeuza aseniki iliyoyeyuka kuwa gesi ya arsini, inayopanda na kupita kwenye kikaratasi kilichobanwa kwenye mfuniko. Kikaratasi kimelowekwa bromidi ya zebaki na kukaushwa. Arsini ikikigusa, rangi hubadilika kwa kadiri ya wingi wake. Njia hii ni ya zamani. James Marsh wa Uingereza alitumia zinki na asidi kufichua aseniki mwaka 1836, enzi ambazo ilikuwa sumu ya kuulia watu kwa siri, na mkemia Gutzeit wa Ujerumani baadaye akaleta utaratibu wa karatasi ambao jina lake bado linautambulisha. Ninaiamini zaidi kwa sababu ya umri wake: kila udhaifu wake umekwishajulikana, na mtumiaji makini anaweza kujihadhari nao.

Upimaji wa aina tuliyonunua huchukua takriban robo saa, na dakika 10 kati ya hizo ni za kusubiri baada ya kutia zinki. Vijana wawili wa chombo chetu, ambao hawakuwahi kuingia maabara, walijifunza hatua zote kwa siku moja. Hilo ni sifa kubwa. Vijiko vina ukubwa unaoeleweka, mstari wa chupa unaonekana vizuri hata kwa mzee, na mfuniko hubana kikaratasi mahali pake bila kuteleza.

Udhaifu mkubwa ni joto. Karatasi ya maelekezo inataka maji yawe kati ya nyuzi 22 na 28, sentensi moja fupi iliyofichwa katikati ya nyingine nyingi. Kwa mtu wa pwani sentensi hiyo haina maana, kwa kuwa maji yake yako hapo siku zote. Kwetu, kisima kikichotwa asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai hutoa maji yanayouma mikono, na zinki ndani ya maji ya namna hiyo hutoa haidrojeni kwa uvivu. Ili kujua tatizo ni kubwa kiasi gani, tuliomba maabara ituandalie maji yenye mikrogramu 50 za aseniki kwa lita, kisha tukayapima mara ya kwanza yakiwa na ubaridi wa asubuhi ya Mbeya mjini, ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mapovu yalipanda machache machache, na dakika 10 zilipokwisha kikaratasi kilikuwa na manjano ambayo mtu yeyote angeyalinganisha na alama ya 25. Tukachukua maji yaleyale, tukaiweka chupa ndani ya beseni la maji vuguvugu hadi kipimajoto kikasoma 25, ndipo tukatia vitendanishi. Safari hii mapovu yalijaa kama soda iliyofunguliwa, na rangi ikafika kwenye alama ya 50 bila ubishi.

Tafakari maana yake kwa kisima halisi. Maji yenye mikrogramu 20, ambazo ni mara mbili ya kiwango, yanaweza kusomeka kwenye baridi kama maji yasiyo na tatizo, na familia ikaambiwa iendelee kuyanywa. Kwa hiyo natoa sharti ambalo mtengenezaji alipaswa kuliandika kwa herufi kubwa: mtumiaji wa Mbeya, Njombe, Makete au Mufindi anunue kipimajoto pamoja na kisanduku, na ayapashe maji kabla ya kutia unga wowote. Kupasha kufanyike kwa beseni na kabla ya zinki. Baada ya zinki kutiwa, moto wowote uwe mbali, kwa kuwa haidrojeni hulipuka, na arsini yenyewe ni gesi yenye sumu kali. Kazi yote ifanyike nje au kwenye chumba chenye madirisha wazi.

Kuhusu muda wa kusubiri, uzoefu wa Bangladesh unasaidia. Huko vipimo vya aina hii vilitumika kupima karibu visima milioni 5 kati ya mwaka 2000 na 2003, na pampu zikapakwa rangi nyekundu au kijani kufuatana na matokeo. Baadaye watafiti walipolinganisha na maabara, walikuta kipimo kimoja kilichotumika sana kikisoma chini ya ukweli hasa kwa visima vilivyozidi mikrogramu 50 kidogo tu, na kwamba kuongeza muda wa kusubiri kutoka dakika 20 hadi 40 kuliondoa sehemu kubwa ya kosa hilo. Aina yetu ina kemia ya haraka zaidi, lakini somo ni lilelile: anayekatisha muda ili awahi kisima kinachofuata anajidanganya kwa upande wa hatari.

Unga wa pili, ule wa kuoksidisha, unawavutia wengi kuuruka kwa kuwa hauonekani kufanya lolote. Kazi yake ni kuharibu gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama yai viza kwenye visima vya karibu na madimbwi. Gesi hiyo nayo hukigeuza kikaratasi rangi, na kisima kisicho na aseniki huweza kuonekana kibaya. Tulijaribu kwenye kisima kimoja chenye harufu hiyo. Bila unga wa pili karatasi iliingia weusi mchafu usiofanana na alama yoyote ya kadi. Baada ya kuutia na kusubiri dakika mbili kama inavyoelekezwa, karatasi ilibaki nyeupe. Hatua hii isirukwe, na maji yenye harufu kali sana yaende maabara moja kwa moja.

Jambo jingine ambalo karatasi ya maelekezo haikulieleza vya kutosha ni chuma. Maji ya visima vingi vya kwetu hutoka safi na baada ya saa chache hugeuka rangi ya kutu. Kutu hiyo inapoganda na kuzama, huvuta aseniki na kuzama nayo, kwa hiyo sampuli iliyokaa kwenye ndoo usiku kucha itasomeka chini kuliko maji ambayo watu huyanywa mara tu baada ya kuchota. Pima mara moja, baada ya kupampu kwa dakika kadhaa ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke. Sampuli ya maabara nayo itiwe asidi ya naitriki kidogo, hadi pH, yaani kipimo cha uasidi, ishuke chini ya 2, ili chuma kisigande safarini. Maabara yenyewe hutoa chupa iliyoandaliwa, ikiombwa.

Kusoma kadi ya rangi kunahitaji macho ya watu wawili tofauti. Alama za 50 na 100 hazina utata. Utata uko kati ya 10 na 25, palepale ambapo uamuzi wa kiafya upo, kwa sababu manjano ya 10 ni hafifu kiasi kwamba mwanga wa jioni unaweza kuyafuta. Tulijiwekea utaratibu wa watu wawili kusoma kila mmoja peke yake, kivulini, ndani ya nusu dakika tangu kikaratasi kutolewa, na wakitofautiana kisima huhesabiwa kwa namba kubwa. Katika visima tulivyopima, vingi vilibaki vyeupe. Kimoja kilichokuwa karibu na marudio kilitoa manjano ya katikati ya alama za 10 na 25, tukakiombea kipimo cha maabara na kuwataka wananchi wachote kwingine wakati jibu likisubiriwa. Hiyo ndiyo nafasi ya kifaa hiki, na kwa nafasi hiyo kimefanya kazi yake vizuri.

Muuzaji, kwa upande wake, hakufanya vizuri. Boksi la kwanza lilifika kwa basi likiwa na kichupa cha vikaratasi ambacho muhuri wake ulikwisha kufunguliwa, na vikaratasi vyenyewe vilikuwa vimeanza kuwa na umanjano kabla ya kuguswa na maji. Unyevu na mwanga huviharibu. Duka lilibadilisha, lakini baada ya mabishano marefu na sisi kulipa nauli ya mzigo mara ya pili. Mnunuzi yeyote adai picha ya muhuri na ya tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutuma fedha. Tulisikitika pia kwamba maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, yakiwamo ya hatari. Kifaa kinachokusudiwa kutumika kijijini, chenye unga unaotoa gesi ya sumu na karatasi yenye zebaki, hakipaswi kuuzwa Tanzania bila karatasi ya Kiswahili ndani yake. Tuliyatafsiri wenyewe na kubandika nakala ndani ya kifuniko.

Taka zake zinahitaji uangalifu ambao kisanduku hakiutilii mkazo. Vikaratasi vilivyotumika vina zebaki, visitupwe chooni wala kuchomwa. Sisi tunavihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko na kuvikabidhi maabara pamoja na sampuli. Maji yaliyobaki yana asidi na chembe za zinki, yasimwagwe karibu na kisima wala mahali pa mifugo.

Baada ya kipimo cha mkononi, hatua inayofuata inapatikana mkoani. Wizara ya Maji ina maabara yake ya ubora wa maji Mbeya na nyingine Iringa, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda jijini Mbeya. Ofisi za wilaya za RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, zinaweza kuelekeza chombo cha watumia maji namna ya kupeleka sampuli. Kisima kikithibitika kibaya, suluhisho la kwanza ni kubadilisha chanzo. Bangladesh walipata nafuu kwa kuchimba kina kirefu zaidi kwenye mchanga wa zamani. Katika miamba ya dhahabu kina hakitoi uhakika huo, kila kisima kipya kipimwe. Uvunaji wa maji ya mvua unafaa, hasa upande wa Rungwe ambako mvua ni nyingi. Vichujio vya chungu vya kawaida haviondoi aseniki. Vinavyoiondoa ni vile vyenye chuma ndani, kama kichujio cha SONO cha mkemia Abul Hussam kilichotunukiwa Tuzo ya Grainger mwaka 2007, ambavyo hufanya kazi kwa kanuni ileile ya kutu kushika sumu, na navyo huchoka na kuhitaji kubadilishwa.

Kwa anayefikiria kununua: chukueni boksi kubwa la vipimo 100 na mligawane na vyombo vya vijiji jirani, kwa sababu boksi dogo ni ghali kwa kila kipimo na boksi kubwa likibaki kabatini vikaratasi huisha muda. Pimeni kila kisima mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa mvua mwezi wa Mei na tena Oktoba maji yanapokuwa yameshuka, kwa kuwa kiasi cha aseniki hubadilika pamoja na kina cha maji. Andikeni kwenye daftari moja jina la kisima, tarehe, joto la maji na namba ya kadi. Joto lisiposomwa, namba hiyo haifai kuandikwa.